Hatari ya klorini ya kidimbwi huanzia stoo

HARUFU kali inayowapokea wageni kando ya kidimbwi cha kuogelea hudhaniwa na wengi kuwa ishara kwamba klorini imezidi. Aghalabu ukweli ni kinyume. Harufu hiyo hutokana na kloramini, kemikali zinazozaliwa klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Kidimbwi kinachonuka na kuwasha macho mara nyingi kina upungufu wa klorini iliyo huru kuua viini.

Kuongozwa na pua ndiko huwafanya wenye nyumba, na wafanyakazi wanaoachiwa kazi hiyo, kumwaga kemikali kwa kukisia. Ilhali hesabu yenyewe ni nyepesi. Kidimbwi chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba lita 48,000 za maji. Gramu 48 za klorini halisi hupandisha kiwango chake kwa miligramu 1 katika kila lita. Chembechembe nyeupe zinazouzwa madukani, ambazo ni hipokloriti ya kalsiamu, kwa kawaida huwa na asilimia 65 ya klorini. Hivyo, kupandisha kiwango kwa miligramu 2 huhitaji gramu 150 hivi, kiasi kinachoenea kikombeni.

Kiwango kifaacho ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na kisipungue 2 ikiwa maji yametiwa asidi ya sayanuriki, ambayo huikinga klorini dhidi ya jua. Bila kinga hiyo, jua la Nyali au Diani huimaliza sehemu kubwa ya klorini kwa saa chache tu. Ndiyo maana ni busara kuitia jioni. Kipimo cha pH nacho kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Kikifika 8, ni takriban robo tu ya klorini inayobaki katika hali ya kuua viini upesi. Karatasi za kupimia au chupa ya matone hutoa majibu kwa dakika chache, na hakuna anayepaswa kuingia majini kabla ya kupima.

Hata hivyo, madhara makubwa hayatokei majini. Hutokea kwenye ndoo na katika stoo. Asidi ya kupunguza pH ikigusana na klorini, iwe ya unga au ya majimaji, hutoa gesi ya klorini papo hapo. Gesi hiyo huchoma mapafu, na ndiyo iliyotumiwa kama silaha mjini Ypres, Ubelgiji, mnamo 1915. Hata wataalamu huteleza: mnamo Machi 2022, kemikali zisizopatana zilikutana katika kituo cha uogeleaji cha michezo ya Olimpiki jijini London, na watu kadhaa wakakimbizwa hospitalini kwa matatizo ya kupumua.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba hata aina mbili za klorini hazipatani. Chembechembe za kalsiamu zikichanganyika na tembe za trikloro zinaweza kuwaka moto au kulipuka, hasa zikipata unyevu. Kijiko cha aina moja kisitumbukizwe katika mkebe wa nyingine. Anayeyeyusha chembechembe hutia maji kwanza kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha kemikali; kumwagia kemikali maji ni hatari. Glavu za mpira na miwani ya kukinga macho si mapambo.

Stoo iwe kavu, yenye kupitisha hewa na kufuli mlangoni. Petroli, mafuta, rangi na mbolea zisikae humo, wala asidi isiwekwe kwenye rafu iliyo juu ya klorini.

Palipo na mitambo inayotia kemikali yenyewe, kukatika kwa stima kuna hatari yake. Pampu ya maji ikizimika huku mitambo hiyo ikiendelea, asidi na klorini hukusanyika mferejini, na pampu inapowashwa tena gesi hutokea majini kwa mkupuo. Waogeleaji watoke kabla ya pampu kuwashwa.

Aliyevuta gesi aondolewe hadi penye hewa safi, mbali na mabondeni na chumba cha pampu kilicho chini ya ardhi, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu. Macho yaliyorukiwa yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitalini upesi, pamoja na mkebe wenyewe au maelezo yaliyoandikwa juu yake, ili daktari ajue ni kemikali ipi.