Hiyo Karatasi Itasomwa na Nani?

Mwaka 2013 nilikuwa darasa la saba, na moja ya kazi zangu nyumbani ilikuwa kumsomea Umau. Umau ni babu kwa Kikamba. Kwa hesabu kamili alikuwa mjomba wa mama, lakini kwetu mzee wa rika lile ni Umau tu, na maneno yanaishia hapo. Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Barua, risiti ya maji, karatasi ya dawa, zote zilipitia kwangu.

Siku hiyo tulienda kwenye mkutano hapa Emali. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Uingereza imelipa wazee wa Mau Mau, na kwamba kesi nyingine inaandaliwa kwa wale walioachwa nje. Chini ya mti kulikuwa na meza, na kijana mwenye shati jeupe alikuwa akiandika majina. Zamu yetu ilipofika akaeleza: mzee atasema alizuiliwa wapi, lini, alifanyiwa nini, kisha atapelekwa kwa daktari akaguliwe.

Umau akauliza, "Hiyo karatasi itasomwa na nani?"

"Ni siri, mzee. Ni ya wakili wako peke yake."

"Na wale tunaowashtaki?"

Kijana alinyamaza kidogo. "Hao pia wataiona. Ndiyo sheria."

Umau akainuka, akachukua fimbo yake, tukarudi nyumbani. Hakuandikisha. Mama alilalamika wiki nzima, kwa sababu karo ilikuwa inatusubiri, na pesa za Mwingereza zingesaidia. Mimi nilidhani mzee ameogopa tu. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba swali lake ni moja ya maswali magumu zaidi kwenye kesi ya madai, na kwamba mahakama zenyewe zimekuwa zikigombana nalo kwa muda mrefu.

Iko hivi. Kwenye kesi ya madai, kila upande unalazimika kumwonyesha mwenzake hati zinazohusu ugomvi wao, hata zile zinazomuumiza mwenye kuzitoa. Bila hivyo mwenye nguvu angeficha kila kitu, na mnyonge angebaki na mdomo wake. Lakini kwa kuwa hati hizo zimetolewa kwa kulazimishwa, sheria inaweka kizuizi: aliyezipokea azitumie kwa kesi hiyo tu. Asimpe jirani, asiuze gazetini, asianzishie vita vingine. Ni kama kumfungulia mtu mlango wa chumba cha ndani kwa sababu korti imeamuru. Ameingia, ameona, lakini hana ruhusa ya kutoka akitangaza sokoni rangi ya shuka zako.

Uingereza, ambako Kenya ilirithi sehemu kubwa ya utaratibu huu, kulikuwa na wakili kijana aliyeitwa Harriet Harman. Alimwakilisha mfungwa aliyeishtaki serikali kuhusu kitengo maalumu cha adhabu gerezani. Serikali ilitoa hati, hati zikasomwa kwa sauti mahakamani, watu wakisikia. Baadaye Harman akamwonyesha mwandishi wa habari hati zile zile. Mwaka 1982 majaji wa Nyumba ya Malodi, watatu kwa wawili, walisema amedharau mahakama. Yaani yaliyosemwa mbele ya umma bado yalikuwa siri yakiwa kwenye karatasi! Jambo hilo lilifika mpaka kwa Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 1987 kanuni ikabadilishwa. Leo kanuni yao ya 31.22 inasema hati ikishasomwa mahakamani au kutajwa kwenye kikao cha wazi, kizuizi kinaondoka, isipokuwa jaji aamue vinginevyo.

Shikilia hapo, kwa sababu mlango huo ndio uliopitiwa na wazee wetu.

Tarehe 23 Juni 2009 Wakenya watano waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London: Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Mutua na Nzili ni majina ya huku kwetu Ukambani. Watu husahau jambo hilo. Mau Mau ikitajwa, akili inakimbia Nyeri na Murang'a, ilhali Paul Ngei alikaa kizimbani Kapenguria pamoja na Kenyatta, na vijana wa Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa ndani yake mpaka 1992, walikula kiapo na wakazuiliwa.

Serikali ya Uingereza haikuanza kwa kusema mateso hayakutokea. Ilisema deni si lake: lilihamia kwa serikali ya Kenya siku bendera ilipobadilishwa. Mawakili wa wazee walitaka hati. Mwishoni mwa 2010 mwanahistoria David Anderson aliiandikia mahakama kwamba, kabla ya uhuru, faili zipatazo 1,500 ndani ya masanduku 300 zilisafirishwa kutoka Nairobi kwenda London. Ziko wapi? Kenya ilikuwa imeziomba tangu miaka ya sitini ikakataliwa. Sasa aliyeuliza alikuwa mlalamikaji, na mbele ya mlalamikaji kulikuwa na jaji.

Januari 2011 zikapatikana. Zilikuwa Hanslope Park, jengo la serikali lenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire. Na si za Kenya peke yake. Kumbe mlikuwa na faili zipatazo 8,800 za makoloni 37.

Ukisoma jinsi zilivyofika huko utaona kwamba wakoloni nao walilijua swali la Umau vizuri kabisa. Mwaka 1961 waziri wa makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia zisiachiwe serikali mpya. Faili ziligawanywa makundi mawili. Za kawaida zingebaki kama urithi. Zile za aibu ziliwekwa alama ya pekee, na ruhusa ya kuzigusa alikuwa nayo tu ofisa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Nyingi zilichomwa. Maagizo yalitaka hata majivu yavunjwevunjwe, na pale ambapo moto haufai, karatasi zifungwe kwa uzito zizamishwe kwenye maji ya kina kirefu. Karani Mwafrika angeweza kupika chai ya ofisi ile, lakini si kufungua kabati lile.

Zilizonusurika zilisema mengi. Juni 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu namna ya kuwapiga wafungwa kambini ili mambo yasivuke mpaka, akamkumbusha kwamba kama ni kutenda dhambi, basi watende kimyakimya. Huyo ndiye mtu aliyelipwa kulinda sheria.

Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuifuta kesi. Oktoba 2012, serikali ilipodai kwamba muda umepita mno na mashahidi wamekufa, alikataa tena kwa Nzili, Nyingi na Mara. Sababu moja ilikuwa kwamba hati zilizopo ni nyingi kiasi cha kuwezesha kesi ya haki. Kwa hiyo tabia ile ya kuandika kila kitu na kukificha ndiyo iliyowaumbua. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni akasema serikali yake inajutia mateso hayo. Walalamikaji 5,228 walilipwa, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Faili zikahamishiwa hifadhi ya taifa, Kew, ambako mtu yeyote anaweza kwenda kusoma.

Huu ndio upande wa hadithi ambao sisi vijana tunaupenda, na mimi pia. Siri imefichuliwa, dola imeaibika, tupige makofi.

Lakini mlango ule ule ulipitisha vitu kwa upande wa pili. Ili washinde, wazee walilazimika kutoa siri zao wenyewe. Nzili alisema jinsi alivyohasiwa katika kambi ya Embakasi. Mara alisema alichofanyiwa kwa chupa ya moto akiwa msichana. Nyingi alisema jinsi alivyozimia Hola, tarehe 3 Machi 1959, akatupwa pamoja na maiti za wenzake kumi na mmoja. Yalisemwa mahakamani, kwa hiyo kizuizi kikaondoka, yakaenda magazetini dunia nzima yakiwa na majina na picha. Walikubali kubeba mzigo huo, na kwa sababu walikubali wengine 5,000 na zaidi wakalipwa. Sidhani tumewahi kuwashukuru ipasavyo kwa hilo.

Katika kesi ya pili, ile ambayo Umau alikataa kuandikishwa, walalamikaji walizidi 40,000. Hukumu zikisomwa leo, utakuta walalamikaji wa mfano wanatajwa kwa herufi na nambari. Mmoja anaitwa TC34. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilikasirika: kambini walipewa nambari, na mahakamani tena nambari? Halafu nikatulia. Kambini nambari ilimnyang'anya mtu jina. Hapa ilikuwa inamlindia. Hata hivyo kesi hiyo ilitupwa mwaka 2018, muda ukiwa umepita mno. Wengi walikuwa wametoa yote waliyokuwa nayo rohoni, na wakarudi mikono mitupu.

Ukishuka basi Emali leo utaona malori ya Mombasa, akina mama wa machungwa, Wamaasai waliokuja sokoni kutoka upande wa Oloitokitok. Reli ya zamani bado iko, karibu na ile mpya. Baada ya msako wa Operesheni Anvil jijini Nairobi, Aprili 1954, maelfu ya watu walipakiwa kwenye magari moshi kupelekwa Manyani na Mackinnon Road. Reli ya kwenda huko ni hii hii, inapita hapa. Umau alikuwa kijana wa genge la reli, na aliyaona mabehewa yakipita. Baadaye naye akachukuliwa. Hayo tu ndiyo familia ilijua: alichukuliwa, akarudi.

Miaka miwili kabla ya kufa kwake aliniita jioni moja. Nilikuwa nimeacha chuo na niko nyumbani sina kazi. Akaniambia niwashe simu nirekodi. Alizungumza dakika arobaini. Mwishoni akasema, "Hii ni ya kwenu. Si ya soko."

Sasa mimi ni mwandishi wa kulipwa kwa makala. Wahariri wawili wamewahi kuniuliza kama nina hadithi ya Mau Mau ya upande wa Ukambani, ya mtu halisi, yenye uchungu. Ninayo, iko kwenye simu. Kuna mwezi nilikuwa na deni la nyumba, nikaifungua nikaanza kuiandika. Niliandika aya mbili, nikafuta.

Si kwamba naamini kila jambo lifichwe. Faili za Hanslope ni kazi ya serikali, zilihusu watu wetu, na kuzificha kulikuwa wizi. Ofisa aliyeamuru kipigo hana faragha katika amri yake. Aliyepigwa ana faragha katika mwili wake, na ni yeye anayeamua nani aione na kwa kazi gani. Umau hakuwa na wakili wala kanuni ya 31.22. Alinipa kwa masharti, na mimi nikapokea.

Wikendi iliyopita niliwapelekea binamu zangu nakala, tukasikiliza sote sebuleni kwa mama, mlango umefungwa. Mama alilia. Alisema sasa anaelewa kwa nini hakuandikisha.