Waliorudi Masasi

Dayosisi yetu ya Masasi iliwekwa mwaka 1926, lakini mizizi yake ilipandwa miaka 50 kabla ya hapo, wala haikupandwa na Wazungu peke yao. Ilipandwa na watu waliokuwa wakirudi kwao.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Watumwa waliookolewa baharini na manowari za Waingereza walikabidhiwa Misioni ya UMCA, na wengi wao wakakaa katika shamba la Mbweni. Kati yao walikuwamo Wayao, Wamakua na Wanyasa. Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Lakini hawa hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa.

Basi mwezi wa Oktoba 1876 Askofu Edward Steere alifunga safari pamoja nao, wanaume 31 na wanawake 24, wakashuka Lindi, wakashika njia ya bara. Nia yake ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Lakini walipofika chini ya milima ya mawe ya Masasi, wenyewe wakaomba wakae papo hapo, kwa kuwa waliona wamekaribia kwao, na nchi ni njema.

Walikaribia, lakini hawakufika. Walikuwa wageni katika nchi yenye wakuu wake na mila zake, nao walikuja na Kiswahili na desturi za Mbweni. Tena amani haikudumu. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliishambulia Masasi, wakaua watu, wakachoma nyumba, wakachukua mateka. Waliokwisha kukombolewa mara moja wakafungwa tena. Padre W. C. Porter akasafiri mpaka Ungoni ili awakomboe, akawapata baadhi yao. Na kazi ya Misioni ikahamia Newala, kwa mkuu Matola.

Je, mbegu ilikufa? Hasha. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, alisoma Kiungani, kisha Canterbury huko Uingereza. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akapelekwa Chitangali kwa mkuu Nakaam, kati ya Wayao wenzake. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadre. Hakuhitaji mkalimani, wala hakuwa mgeni barazani. Akafundisha vijana, na kati yao walitoka Daudi Machina na Kolumba Msigala, ambao nao wakawa mapadre.

Majaliwa alirudi Unguja mwaka 1897, lakini kazi haikuondoka pamoja naye. Hata mwaka 1905, majengo ya Masasi yalipochomwa katika vita vya Maji Maji, Kanisa halikuteketea, maana lilikuwa limekwisha kukaa ndani ya watu.

Enyi waalimu, nasi hupelekwa chuoni mbali, tukarudi vijijini tukiwa na vyeti na maneno mapya. Tusidhani kwamba kufika kijijini ndiko kurudi. Tuketi kwanza na wazee, tuwasikilize kwa lugha yao, tuwafundishe watoto wao. Ndipo siku tutakapohamishwa, tutakuwa tumeacha watu wa kuishika kazi, wala si nyumba tupu.