Upepo wa mbisho

Mwanafunzi wa Molo, nchini Kenya, hukunja ndege ya karatasi ya daftari, akairusha uwanjani. Kani nne huishika: uzito huivuta chini, mwinuko huibeba, msukumo wa mkono huipeleka mbele, ukinzani wa hewa huichelewesha. Akipinda kidogo ncha za nyuma za mabawa kwenda juu, pua huinuka.

Je, upepo ukimjia usoni? Mabaharia wa pwani huuita upepo wa mbisho, kutokana na kubisha, yaani kupinga. Jahazi huuchelea, ndege huupenda, ndiyo maana rubani hupaa akiukabili. Huko Molo, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mwinuko hupungua, hivyo mbishi huyu anayeuongeza ni rafiki.