Kuziba kwa bomba la sinki

Kuziba kwa bomba la sinki ni hali ya maji machafu ya jikoni kushindwa kupita kwa sababu ya uchafu ulioshikamana ndani ya bomba. Punje za wali na majani ya chai hulaumiwa kwanza, lakini mara nyingi hayo hunaswa tu. Kinachoyanasa ni mafuta. Samli na mafuta ya nyama yakipoa huganda kwenye kuta za bomba, na njia ya maji huzidi kuwa nyembamba. Huenda ikadaiwa kwamba kwenye joto la pwani mafuta ya maji hayagandi. Lakini hayo nayo huchakaa, na asidi zake zikikutana na kalisi hufanya dutu ngumu ya jamii ya sabuni. Kwa mfano, kwenye mfereji wa majitaka chini ya barabara ya Whitechapel, London, mwaka 2017 lilikutwa donge la mafuta na vitambaa vya kujipangusia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa takriban tani 130.

Maji ya moto husaidia karibu na sinki tu: hupoa njiani, na mafuta huganda mbele zaidi, mahali pagumu kufikiwa. Dawa kali za kuzibulia hufungua njia, ila huunguza ngozi na macho, na joto lake laweza kulegeza bomba la plastiki. Kinga ya uhakika zaidi huanza kabla ya kuosha: sufuria ipanguswe, mafuta yaliyotumika yakusanywe koponi, na tundu la sinki liwekewe chujio.