Mukajanga alimpenda Tuzinde



Huku Pasiansi kuna mama alitujia baada ya ibada akitaka tumsaidie kumwombea binti yake. Binti ana miaka 26 na amehamia dini nyingine. Ndugu walimwita nyumbani kwa kisingizio cha msiba. Alipofika wakachukua simu yake, wakafunga mlango, na sasa wanatafutwa watu wa kukaa naye mpaka akili zimrudie. Tuliomba naye, lakini kwenda kukaa kwenye chumba kile tulikataa. Hapa tunaeleza sababu.

Ziwa letu lina historia ya jambo hili. Habari za Mashahidi wa Uganda sote tunazijua: Kabaka Mwanga, moto wa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Anayesahaulika ni Mbaga Tuzinde, kijana wa ikulu. Mukajanga, mkuu wa wauaji, alikuwa ndugu yake na ndiye aliyemlea kama mwanawe. Mzee huyu hakutaka kijana afe. Alimsihi aseme tu kwamba ameacha kusali, na alikuwa tayari hata kumficha. Tuzinde akakataa. Mwishoni Mukajanga alibaki na huruma moja tu ya kumpa: aliagiza apigwe rungu shingoni kwanza, moto umkute amekwisha kufa.

Tumeisoma habari hii mara nyingi na bado inatusumbua. Kwa Mwanga tunaona ukatili, basi. Kwa Mukajanga tunaona mzazi, tena mzazi mwenye machozi, anayeamini kwamba kijana akishaiacha imani yake kila kitu kitakuwa sawa.

Munaku hatajwi sana, labda kwa kuwa hakuuawa. Alikuwa dada wa Noe Mawaggali, aliyeuawa Mityana mwaka huohuo. Alichukuliwa mateka na mtu aliyetaka aache dini na awe mke wake. Akafungwa, akayakataa yote mawili, mpaka mapadri wakamkomboa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, bila kuolewa. Wanawake wengi wanaobanwa kwa ajili ya imani hubanwa hivyo, dini na ndoa kwa pamoja.

Na Mwanga mwenyewe? Mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa, akafika Magu, kisha akapokelewa Bukumbi kwenye misheni ya White Fathers, upande wa pili wa jiji letu. Waliompokea ni walewale ambao waumini wao aliwachoma.

Msidhani mambo haya yaliishia karne ile. Japani, mwaka 1995, Toru Goto, mtu mzima wa miaka 31 na muumini wa Unification Church, alifungiwa na familia yake ili aikane imani. Alitoka mwaka 2008, baada ya miaka 12 na zaidi. Mahakama ziliamuru alipwe fidia, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo. Familia yake ilisema wakati wote kwamba inamwokoa.

Mtatuuliza kuhusu Shakahola, na ni haki yenu. Mwaka 2023, kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wakifunga ili wakutane na Yesu, na watoto walikuwemo. Hofu ya mama wa hapa Pasiansi si ya bure. Lakini kumnyima mtoto chakula ni kosa la jinai, na kazi hiyo ni ya polisi. Binti wa miaka 26 anayesali tofauti na mama yake hajamkosea mtu. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa uhuru wa kuamini, na inataja waziwazi kwamba kubadili dini kumo ndani ya uhuru huo. Haisemi isipokuwa kwa ndugu zako.

Basi tulimwambia mama afungue mlango, amrudishie simu, ampikie sato, na amweleze anachokiogopa. Akisema anataka kurudi alikotoka, apewe nauli.

Mama alikaa kimya. Kisha akauliza kama mmoja wetu anaweza kuwepo siku atakayofungua. Tunakwenda Alhamisi.