RNA Fupi: Historia ya Dhana na Tatizo la Jina

Katika kazi ya kuunda istilahi za sayansi, mara nyingi sisi hulipokea neno likiwa limekwisha kukomaa ugenini, tukalitafutia kisawe bila kuuliza lilizaliwaje. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja wa elimuviumbe, kwamba kuijua historia ya dhana kwaweza kutuepusha na jina baya. Mfano wenyewe ni ule wa RNA fupi zinazodhibiti kazi ya jeni wakati mnyama anapokua.

Historia hiyo yaanza na mnyoo. Mwaka 1974 Sydney Brenner, aliyekuwa Cambridge, Uingereza, alichapisha uchunguzi wake wa urithi katika Caenorhabditis elegans, mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita 1 hivi. Mnyoo huntha aliyekomaa ana seli 959 za mwili, bila kuhesabu zile za uzazi, na nasaba ya kila seli imefuatiliwa tangu yai. Kabla ya kukomaa hupitia hatua nne za ubuu.

Mwaka 1981 Chalfie, Horvitz na Sulston walieleza kwamba mnyoo ambaye jeni yake iitwayo lin-4 imeharibika huirudia migawanyiko ya seli ya hatua za mwanzo, kana kwamba hana habari kuwa wakati umepita. Kimo huongezeka, lakini tundu la kutagia halifanyiki, na mayai humjaa tumboni. Jeni nyingine, lin-14, ikikosa kufanya kazi, matokeo huwa kinyume: hatua ya kwanza hurukwa.

Yafaa tutue kidogo hapa. Silabi hiyo “lin” imekatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya nasaba. Jeni za mnyoo huyu kwa kawaida hupewa majina kutokana na hitilafu inayoonekana zinapoharibika. Ni kama kumwita mwadhini kwa kimya kilichotokea siku aliyougua. Mfasiri atakayetafuta kazi ya jeni ndani ya jina lake atapotea.

Victor Ambros na wenzake, Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum, waliitafuta protini ya lin-4 wasiione. Walichokiona ni RNA mbili, moja ya nukleotidi 61 na nyingine ya nukleotidi 22 tu. Mwezi Juni 1992 Ambros na Gary Ruvkun, aliyekuwa akiichunguza lin-14, walilinganisha mfuatano wa jeni zao. Ikadhihirika kwamba ile RNA fupi yaweza kujipachika, kwa kuoana ingawa si kikamilifu, mahali kadhaa kwenye mkia wa RNA mjumbe ya lin-14. Inapojipachika, utengenezaji wa protini ya lin-14 hupungua, na mnyoo huendelea na hatua ifuatayo. Matokeo hayo yalichapishwa Desemba 1993 katika jarida la Cell.

Kwa miaka kadhaa wengi walidhani hiyo ni kioja cha mnyoo peke yake. Mwaka 2000 ikatangazwa let-7, yenye nukleotidi 21, na mwaka huo huo ikaonekana kwamba wanyama wengi wanayo, binadamu akiwamo. Kwa kuwa zote mbili zilihusika na majira ya ukuaji, kundi hilo lilipewa jina la RNA fupi za wakati. Jina hilo halikudumu. Oktoba 2001 makala matatu katika jarida la Science yalitangaza makumi ya RNA za namna hiyo, na nyingi hazikuonyesha uhusiano wowote na wakati. Ndipo likachukuliwa jina lenye kiambishi cha Kigiriki cha udogo, ambalo ndilo litumikalo hadi leo. Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Lau sisi tungalitunga kisawe mwaka 2000, bila shaka tungalisema “RNA ya wakati”, na vitabu vya shule vingalibeba kosa hilo kwa miaka mingi. “RNA dhibiti” inavutia, lakini zipo RNA ndefu ambazo nazo hudhibiti jeni. “RNA ndogo” ina kasoro nyingine: kwa Kiswahili, “ndogo” hugusa pia cheo, na mwanafunzi aweza kudhani ni RNA isiyo na maana. Kinachopimwa hapa ni urefu wa mnyororo. Kwa hiyo naona “RNA fupi” liwe jina la ukoo mzima, pamoja na zile zinazohusika katika uzimaji wa jeni uliotangazwa na Fire na Mello mwaka 1998. Na “maikroRNA” litumike kwa kundi hili peke yake. Yote mawili yaingie katika ngeli ya I-/ZI-: maikroRNA hii imejipachika, maikroRNA hizi zimejipachika.