Kasuku wa asili wa Kanda ya Ziwa wanaofaa kufugwa uani

KASUKU huwavutia wengi kwa rangi na sauti yake, lakini si kila kasuku anafaa kuwekwa katika banda la uani. Kwa familia inayoishi mahali kama Kisiwa cha Rukuba, Musoma Vijijini, ambako safari ya kwenda bara kutafuta daktari wa mifugo ni ya kuvuka maji, ndege anayefaa ni yule anayestahimili hali ya hewa ya ukanda huo, anayekula nafaka za kawaida na asiyehitaji mtu wa kushinda naye kutwa.

Sifa hizo anazo zaidi kasuku mdogo aitwaye cherero wa Fischer. Ana urefu wa sentimeta 14 hivi, mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Jina lake linatokana na Gustav Fischer, mpelelezi wa Kijerumani, na wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Makao yake ya asili ni kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini mashariki mwa Ziwa Victoria, na Serengeti ni mojawapo ya ngome zake.

Uzuri huo nusura umponze. Mwaka 1987 cherero wa Fischer aliongoza orodha ya ndege wa porini waliouzwa katika biashara ya kimataifa. Mamia kwa maelfu walinaswa kwa nyavu na kusafirishwa nje, na idadi yao porini ikapungua sana. Hadi leo amewekwa katika kundi la viumbe walio karibu kuingia hatarini. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku ya kudumu uingizaji wa ndege wa porini mwaka 2007, na mwezi Mei 2016 Serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mnunuzi si bei, bali ni mahali ndege alikotoka. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali, na ndege wamo. Anayetaka kufuga aanze kwa kuuliza ofisi ya wanyamapori ya halmashauri yake au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), kisha ndipo ajenge banda. Dalili moja ya ndege aliyezaliwa bandani ni pete isiyo na kiungo mguuni. Pete hiyo huvishwa kinda mwenye umri wa siku chache, na haiwezi kupita kwenye mguu wa ndege mzima.

Wapo kasuku wengine wa asili. Kasuku wa Meyer, mwenye rangi ya kahawia na mabega ya njano, huonekana pia Serengeti. Ni mtulivu kuliko cherero, lakini huguguna mbao kwa nguvu na aweza kuishi zaidi ya miaka 20. Cherero mwenye shingo ya njano, wa Tanzania ya kati, hutunzwa kama yule wa Fischer, ila wawili hao wasichanganywe. Huzaana na kupoteza asili yao, kama ilivyotokea Naivasha, Kenya, kwa ndege waliotoroka au kuachiwa. Kasuku wa kijivu si wa kujaribu. Huhitaji uangalizi wa kila siku, hujinyonyoa manyoya akiwa mpweke, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti makali kabisa.

Banda la jozi mbili liwe na urefu wa mita mbili au zaidi, ili ndege waruke badala ya kurukaruka tu. Wavu uwe wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimeta moja na nusu, ukizikwa ardhini kuzuia panya na nyoka. Upande unaopigwa na upepo wa ziwa uzibwe, na bati la paa liwekewe nyasi chini yake kupunguza joto. Visanduku vya kutagia vizidi idadi ya jozi na vitundikwe kimo kimoja, kwani cherero hupigania vilivyo juu.

Chakula ni ulezi, uwele na mtama, alizeti kidogo, mchicha na mahindi mabichi. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa huwapa madini ya chokaa. Parachichi ni sumu kwao. Maji safi hubadilishwa kila siku, kwani hata porini cherero hukaa karibu na maji na hunywa kila siku.

Banda lijengwe mbali na kuku, kwa kuwa ugonjwa wa mdondo huwapata kasuku pia. Kinyesi kikavu kilowanishwe kabla ya kufagiwa, na mfagiaji afunike pua na mdomo, kwani vumbi lake laweza kubeba homa ya kasuku, ambayo hushambulia mapafu ya binadamu.

Jike hutaga mayai matatu hadi manane, huyaatamia kwa siku 23 hivi, na makinda hutoka kiotani baada ya siku 38 hivi. Jozi moja yaweza kujaza banda kwa muda mfupi. Mfugaji asiye na nafasi aondoe visanduku, lakini asifungulie ndege mlango. Naye asiyepata kibali aweza kuacha mti mkavu wenye matundu usimame uani na kuweka beseni la maji chini yake, kwani cherero wa porini hutaga katika matundu kama hayo.